Kiwanja kidogo cha mtaa: aongoze msanii, mwanafunzi, au mkazi?

Kamati ya mtaa inapoamua kukitumia kipande cha ardhi kilichobaki baina ya nyumba, kona ya barabara isiyo na kazi au ukingo wa mfereji uliogeuzwa jalala, milango miwili hufunguka mapema kuliko mingine. Mmoja ni wa chuo, ambako mhadhiri wa usanifu majengo au wa usanifu wa mandhari anatafuta mahali halisi pa kufundishia darasa lake. Wa pili ni wa msanii, au kikundi cha wasanii kilichochoka kuonyesha kazi zake ndani ya kuta nne. Mara nyingi pande hizo huja pamoja, na barua ya maombi huahidi ushirikiano pasipo kusema nani mwenye kauli ya mwisho, nani atakayebaki kazi ikiisha, na kiwanja kinatarajiwa kudumu kwa muda gani. Majibu hutofautiana sana kulingana na anayeongoza, na tofauti hizo huonekana vizuri zaidi tukiitazama miradi iliyokwisha kujengwa na kutumiwa kuliko tukisoma maandiko ya kuombea fedha.

Msanii akiongoza

Mfano unaotajwa zaidi ni wa San Francisco. Mwaka 2005 kikundi cha sanaa na usanifu kilichoitwa Rebar kililipia nafasi moja ya maegesho kwa kutia sarafu kwenye mita, na badala ya kuegesha gari kikatandaza nyasi, kikaweka benchi na mti mmoja, kisha kikakaa kando kutazama kitakachotokea katika saa mbili zilizolipiwa. Wapita njia wakaketi. Muda ulipokwisha nyasi zilikunjwa na kila kitu kikaondolewa, ila picha zilikwisha kusambaa. Jambo hilo likawa shughuli ya kila Septemba katika miji ya nchi nyingi, na kufikia mwaka 2010 jiji lenyewe lilikuwa limeanza kuruhusu maegesho yageuzwe kuwa viwanja vidogo vya kukalia. Halmashauri chache sana zingekubali wazo hilo kama lingeletwa kwanza likiwa pendekezo la kurasa arobaini lenye bajeti na michoro.

Hiyo ndiyo nguvu ya msanii: anaweza kuuliza swali mbele ya watu kwa gharama ndogo, na jibu likiwa baya hakuna kilichobomolewa. New York ilitumia nguvu hiyo kwa makusudi. Ilipofunga sehemu ya barabara ya Broadway katika Times Square mwaka 2009, viti vya kwanza vilikuwa vya bustani vya bei rahisi, na mwaka uliofuata msanii Molly Dilworth alipaka lami mchoro mkubwa wa rangi za buluu na nyeupe. Mchoro huo haukukusudiwa kudumu. Ulikishikilia kiwanja, ukawazoesha watu kukiona kuwa ni chao, mpaka ujenzi wa kudumu uliosanifiwa na kampuni ya usanifu ya Snøhetta ulipochukua nafasi yake.

Afrika Mashariki tunao mfano wetu, ingawa aliyeuongoza alitoka mbali. Mwaka 2009 msanii Mfaransa ajulikanaye kwa jina la JR alifunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapo. Picha zilichapishwa kwenye vinaili isiyopitisha maji, kwa hiyo familia iliyokuwa chini ya bati lililotoboka ilipata kinga ya mvua pamoja na picha. Kando ya reli alifanya jambo la werevu zaidi: macho aliyabandika kwenye mabehewa ya treni, na nusu ya chini ya kila uso akaibandika kwenye mabati yaliyopangwa mteremkoni chini ya njia ya reli, ili treni ipitapo nyuso zikamilike kwa sekunde chache kisha zigawanyike tena. Hakikuwa kiwanja cha umma kwa maana ya kawaida. Hata hivyo kazi hiyo yafaa kukumbukwa na kila kamati inayozungumza na msanii, kwa sababu nyenzo yenyewe ilichaguliwa ikiwa na manufaa kwa mwenye nyumba, na manufaa hayo yalikuwa yamefikiriwa kabla ya ngazi kuegemezwa ukutani.

Udhaifu wa njia hii nao haujifichi. Rangi juu ya lami huchakaa haraka, na kwetu, penye jua kali, vumbi na masika, huchakaa haraka zaidi. Isipopakwa tena, kona iliyokuwa fahari ya mtaa huonekana imetelekezwa kuliko ilivyokuwa kabla. Tena kuna mambo ambayo mchoro hauyagusi kabisa. Maji yakisimama pale kila mvua inyeshapo, yataendelea kusimama juu ya rangi nzuri.

Hapa sina budi kutenganisha msanii mgeni na msanii mkazi, kwa kuwa watu huwachanganya. Kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa Kibera mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa waandishi wa mabango ya maduka na vibanda. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, aliandika ujumbe wa amani kwenye kuta za Kibera kwa brashi na rangi. Msanii wa namna hiyo hupita mbele ya kazi yake kila asubuhi, huulizwa na majirani mbona imebambuka, na anajua duka lipi linauza rangi isiyochujuka. Kamati ikiwa na uwezo wa kuchagua kati ya jina kubwa la mgeni na fundi mwandika mabango aliyekulia mtaani, mimi ningemchukua wa pili kwa kazi yoyote inayopaswa kuishi zaidi ya mwaka mmoja.

Mwanafunzi akiongoza

Wanafunzi wana kitu ambacho msanii hana na halmashauri haina: saa nyingi na macho mengi. Katika miaka ya 1970 William H. Whyte, mtafiti Mmarekani wa maisha ya mijini, na kikosi kidogo cha wasaidizi waliwapiga picha za filamu watu waliotumia viwanja vidogo vya New York, wakahesabu waliokaa, waliosimama na waliopita. Walichokiona ni rahisi mno hata kinasahaulika: watu hukaa mahali penye pa kukalia, na kiwanja chenye sanamu ya gharama kubwa lakini kisicho na benchi hubaki kitupu. Waliona pia kwamba mtu apewapo kiti kinachohamishika hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata pasipokuwa na sababu ya kukisogeza, kana kwamba anajihakikishia kuwa ni chake kwa muda huo. Kazi ya namna hii haihitaji mitambo. Inahitaji daftari, saa, na kijana aliye tayari kukaa juani kuanzia alfajiri hadi taa za barabarani ziwakapo. Darasa moja linaweza kuifanya kwa juma moja, na matokeo yake yana thamani kuliko picha za kompyuta zenye miti ambayo haitamea.

Kwa kweli darasa la hapa pwani lingeanza kwa kupima baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar kabla ya kuchora benchi lolote. Baraza ya mawe na chokaa iliyoshikamana na ukuta wa nyumba ina kimo cha kukalia bila kuhangaika, upana wa kuweka sinia la kahawa au ubao wa bao katikati ya watu wawili, kivuli cha ukuta wa pili kwa sehemu kubwa ya siku kwa kuwa uchochoro ni mwembamba, na mvua ikijaza njia maji, baraza hugeuka kuwa pa kupitia. Pale Jaws Corner hakuna aliyetangaza zabuni, lakini kahawa, dhumna na mabishano ya siasa vimekifanya kijiwe hicho kuwa kiwanja cha umma kinachoshinda vingi vilivyokatiwa utepe.

Katika ujenzi wenyewe, wanafunzi wa chuo cha usanifu cha Parsons jijini New York wamesanifu na kujenga kwa mikono yao viti na vivuli vya kando ya barabara katika mtaa wa 13 karibu na Fifth Avenue, chini ya mpango wa Street Seats wa idara ya uchukuzi ya jiji hilo. Mpango huo una sharti ambalo kila kamati ingefaa kuliiga: anayeomba nafasi ndiye anayebeba utunzaji wake, na katika majira ya baridi vitu huondolewa. Chuo kipo hapohapo, kwa hiyo mwenye ufagio anajulikana.

Shida kubwa ya njia hii ni kalenda. Muhula una mwanzo na mwisho, na siku ya kuwasilisha kazi haiahirishwi kwa sababu mchanga haujafika. Kwa hiyo wiki kumi huishia kwenye michoro na makadirio, wiki tatu za mwisho hujenga kwa haraka, na kasoro zinapojitokeza darasa liko likizo. Dawa yake ninayoijua iliyofanya kazi ni ya Rural Studio, programu ya Chuo Kikuu cha Auburn iliyoanzishwa mwaka 1993 na Samuel Mockbee na D. K. Ruth katika kaunti ya Hale, Alabama. Katika mji mdogo wa Greensboro walichukua bustani moja, Lions Park, na badala ya kuikamilisha kwa mwaka mmoja waliirithisha kundi kwa kundi: wengine viwanja vya besiboli, wengine mahali pa kutelezea kwa ubao, wengine uwanja wa watoto uliojengwa kwa karibu mapipa 2,000 ya chuma yaliyokwisha kutumika. Kila kundi lililazimika kuishi na makosa ya kundi lililotangulia, na walimu hawakuhama. Bila mpango wa kurithishana wa namna hiyo, au chuo kilicho jirani, ningekuwa mwangalifu sana kukabidhi darasa kazi ya kudumu.

Kuna kosa la pili, nalo ni la adabu zaidi kuliko ufundi. Katika miradi inayoongozwa na wanafunzi, msanii huitwa mwishoni, ukuta ukishasimama, aje "kupendezesha". Wakati huo mahali pa kukaa, pa kupita na pa kuonekana vimekwisha kuamuliwa, na yeye amebakiwa na mita chache za saruji. Kama hana nafasi katika wiki ya kwanza ya kuzunguka mtaani na kuzungumza na watu, ni afadhali asiitwe.

Wanaobaki wakiongoza

Njia ya tatu ilianza kama kazi ya wanafunzi. Mwaka 2006 wanafunzi wachache wa shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Harvard, miongoni mwao Chelina Odbert, Mkenya Arthur Adeya na Kotchakorn Voraakhom wa Thailand, walianzisha Kounkuey Design Initiative na kuanza kufanya kazi Kibera. Wangeweza kupokea shahada zao na kuondoka na picha nzuri. Walichofanya ni kuunda taasisi yenye ofisi na wafanyakazi Nairobi, ikishirikiana na vikundi vya wakazi kiwanja baada ya kiwanja, kando ya vijito ambavyo hufurika na ambavyo vingi vilikuwa jalala.

Ukitazama viwanja hivyo utaona kwa nini haviwezi kuwa kazi ya muhula mmoja wala ya wikendi ya rangi. Ukingo wa mto lazima ushikiliwe kwa mawe yaliyofungwa ndani ya vikapu vya waya, maji ya mvua yaonyeshwe pa kupita, choo kiwe na njia ya kutoa majitaka, na mahali pa kufulia pawe na maji ya uhakika. Juu ya hayo kuna uwanja wa watoto, vibanda vya biashara na ukumbi mdogo wa kukodisha, na mapato madogo ya choo, maji na ukumbi ndiyo hulipia usafi na matengenezo. Kikundi cha wakazi kinashika ufunguo na daftari la fedha. Polepole ya mradi huo ni gharama halisi: mikutano ni mingi, kila uamuzi una wenye maslahi yake, na mfadhili anayetaka kukata utepe kabla ya mwaka wa bajeti kuisha hatapata anachotaka.

Kibera hiyohiyo imetumika kwa njia nyingine ya kumpa mkazi kalamu. Mpango wa Block by Block, ulioanzishwa mwaka 2012 na shirika la UN-Habitat pamoja na Mojang, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft, uliutumia mchezo huo kuwaruhusu wakazi, wengi wao vijana, kupanga upya viwanja vyao, ukiwemo uwanja wa Silanga. Mtu asiyejua kusoma ramani ya msanifu anaweza kusogeza ukuta kwenye kioo na kusema "hapa". Ni chombo kizuri cha mikutano. Hakiondoi haja ya mhandisi.

Zinapowekwa bega kwa bega

Kwa muda, msanii huhesabu siku au wiki, mwanafunzi huhesabu mihula, na taasisi inayobaki huhesabu miaka. Kwa fedha, njia ya kwanza ni rahisi kuanza na ghali kuendeleza, kwa sababu bajeti ya rangi ya mara ya pili haimo katika bajeti ya kwanza. Ya tatu ni ghali kuanza, ila ndiyo pekee yenye chanzo chake cha mapato. Njia ya wanafunzi huonekana ya bure, na hapo ndipo wengi hudanganyika: nguvu kazi haina malipo, lakini usafiri, bima, zana na fundi mchomeleaji wa kurekebisha vina malipo. Kuhusu ujira pia kuna dhuluma isiyosemwa. Mwanafunzi hulipwa kwa alama, mhadhiri ana mshahara, na msanii, ambaye hawezi kuishi kwa alama, huombwa kujitolea kwa ajili ya jamii yake.

Ardhi ina uzito kuliko yote hayo. Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakapoteza makazi. Kwa Tanzania, maeneo ya wazi yako chini ya halmashauri na huonyeshwa katika michoro ya mipango miji, kwa hiyo saini ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni ya lazima lakini haitoshi. Palipo na shaka ya umiliki au mpango wa barabara, jengeni vitu vinavyobebeka, na kwa hilo msanii ni mwalimu bora kuliko mhandisi.

Nyenzo nazo huamua mengi, na wanafunzi na wasanii wana mapenzi yanayofanana yanayohitaji kudhibitiwa. Benchi la chuma chepesi lisilozikwa katika zege litauzwa kama vyuma chakavu. Mbao isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Matairi ya zamani, kipenzi cha kila darasa linalotaka kuonekana linajali mazingira, hushika maji na kuzalisha mbu wanaoeneza homa ya dengue, ugonjwa ambao Dar es Salaam iliufahamu vizuri mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Yatobolewe chini au yajazwe udongo mpaka juu, vinginevyo yasitumike.

Uchaguzi wangu kwa hali tatu

Kama mtaa haujakubaliana iwapo kona ile inafaa kuwa kiwanja, au wenye magari na wenye vibanda wanapinga, aanze msanii, kwa wikendi moja au mwezi mmoja, kwa viti vya kukodi, turubai na chokaa. Wanafunzi wawepo, lakini wakiwa na madaftari: wahesabu watu wiki moja kabla, wakati wa jaribio na wiki moja baada, wakiandika wanawake wangapi walikaa, saa ngapi, na wachuuzi walihamia wapi. Hesabu hizo ndizo zitakazozungumza mbele ya halmashauri, na ninaona mpangilio huu ndio bora kwa kamati nyingi zinazoanza.

Kama kiwanja kina mwenyewe anayefahamika, tuseme shule, soko, zahanati, msikiti au kanisa, ardhi haina mgogoro na maji yanapita vizuri, waongoze wanafunzi, mradi chuo kiahidi kwa maandishi angalau makundi mawili yanayofuatana na mwalimu yuleyule, na msanii mkazi awe ndani tangu wiki ya kwanza akiwa na mkataba na malipo.

Kama pana mafuriko, majitaka, au haja ya choo, asiongoze msanii wala mwanafunzi. Tafuteni kikundi cha wakazi kilichosajiliwa, mhandisi, na taasisi itakayokuwepo miaka mitano ijayo, kisha waalikeni wengine kwa sehemu zinazowafaa. Kamati isiyoweza kupata taasisi hiyo ifukie jalala, izibue mfereji, ipande miti miwili ya kivuli na kuahirisha mengine; hilo si kushindwa, na pesa itakuwa haijapotea.

Kwa hali zote tatu, makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mkutano wa mtaa, na yataje mambo manne kabla ya mchoro wa kwanza: nani anashika ufunguo na ufagio; fungu la kupaka rangi na kurekebisha kwa miaka miwili linatoka wapi; vitu vinahamishiwa wapi ardhi ikitwaliwa; na siku gani kiwanja kitakaguliwa tena, pande zote zikiwepo, masika ya kwanza yakishapita.